Kanga wa Asubuhi

Bunduki ndogo haikuwa nzito kwa mtu anayeishika dakika tano. Mimi niliibeba siku mbili, na kila nilipoihamisha kutoka bega moja kwenda jingine nilijiuliza imekuja kufanya nini. Tulikuwa tunakwenda kuwinda mbogo. Risasi za bunduki ile zilikuwa nyembamba kama kipande cha penseli, na mbogo angezichukulia kama kupe tu. Mjomba alikuwa na bunduki kubwa, na mfukoni alikuwa na kibali chenye jina lake kilichomruhusu kuua mbogo mmoja katika eneo la uwindaji, nje ya mipaka ya mbuga. Hiyo ilitosha. Hii nyingine ya nini?

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, kule Kampala, mwishoni mwa miaka ya sitini. Katika mwaka huo nilikuwa nimekwisha kuuliza kwa nini tunasali tukiwa tumefumba macho, kwa nini wazee hupewa paja la kuku, na kwa nini serikali iliyotoka kwetu iendelee kuvaa kaptula za wakoloni. Mama alichoka. Alinituma kwa kaka yake, kule Bwera mpakani mwa Kongo, likizo nzima, akisema huko nitapata kazi ya miguu ili mdomo upumzike.

"Tungebeba maharagwe," nilimwambia mjomba. "Uzito ni uleule, na maharagwe hayapigi kelele za kufukuza wanyama."

"Maharagwe haiwezi kukuambia kama macho yako imeamka," alijibu.

Sikumwelewa, naye hakuendelea. Alisema hayo kwa Kiswahili, ingawa nyumbani tulizungumza Lukonzo kama watu wote. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Alijifunza bunduki jeshini, kijana wa vita vya Wazungu, na tangu siku hizo aliamini kwamba mtu akishika silaha hana budi kusema Kiswahili mpaka atakaporudi nyumbani. "Bunduki haisikii Lukonzo," alisema. Nilipomuuliza kama inasikia Kiingereza, alisema inasikia, lakini inajibu vibaya.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mfuata nyayo wake wa miaka mingi, mtu wa Butembo aliyevuka mpaka wakati wa vurugu za Kongo, akajenga nyumba ya udongo karibu na soko letu na kuuza samaki wakavu na chumvi. Lugha yake ya kwao na yetu ni ndugu, kwa hiyo wangeweza kuelewana bila Kiswahili, lakini naye aliitii sheria ile, kwa Kiswahili cha Kongo. Mjomba alimwita afande kwa mzaha, maana kwenye nyayo yeye ndiye aliyetoa amri. Mimi, mfuata nyayo aliniita Profesa.

"Profesa," aliniambia, "ile kitu unabeba ni kalamu. Beba muzuri, tutaandika nayo."

Tulipanda lori la saruji lililokuwa limeshusha mzigo Bwera na sasa linarudi Hima tupu. Vumbi la saruji lilitupaka sote mvi. Kutoka Hima tuliacha barabara, tukashuka tambarare kuelekea vinamasi vya upande wa Ziwa George, mwendo wa siku moja na nusu katika nyasi zilizotufika kifuani. Usiku wa kwanza tulilala chini ya miti ya migunga. Siku ya pili jioni tukafika mahali ambapo mjomba alikuwa na kambi yake ya siku zote. Palikuwa na mawe matatu ya moto, mti wa kutundikia nyama, na kijito. Mbele yake kulikuwa na vichuguu, kisha kichaka kizito, kisha mafunjo.

Hapo ndipo nilipoelezwa kazi ya bunduki ndogo.

Kila asubuhi, kabla bunduki kubwa haijatiwa risasi, mtu atakayeishika siku hiyo huchukua ile ndogo na kwenda kutafuta kanga. Hupewa risasi moja. Kanga lazima apigwe kichwani. Akimpata, ndege anaingia chunguni, na mwindaji anaingia porini. Akimkosa, au akimpiga mwilini, bunduki kubwa inalala kambini kutwa nzima na hakuna wa kubishana. Mjomba aliiweka sheria hiyo mwenyewe. Zamani aliwinda na mtu aliyekunywa pombe kali ya waragi usiku na kuamka akisema yuko sawa. Mtu huyo alimpiga mbogo tumboni. Mbogo aliingia kichakani akangoja, na aliyetangulia kumfuata hakurudi.

"Risasi ya mbogo ni kubwa, haina nafasi ya kujaribu," mjomba alisema. "Hii ndogo inasema ukweli mapema, na unakula ukweli na ugali."

Lazima nikiri kwamba nilipenda sheria ile. Ilikuwa sheria ya kwanza ya wazee niliyoona imejengwa juu ya ushahidi. Tatizo ni kwamba nilikuwa na ushahidi mwingine, na sikuwa nimeutafuta.

Bwera, Jumapili kabla ya safari, nilikaa kando ya mjomba kanisani. Alishika kitabu cha nyimbo, akageuza kurasa kwa makini, akaimba kila neno. Nilichungulia. Ukurasa aliokuwa ameufungua ulikuwa wa wimbo mwingine kabisa. Nyumbani nilimwona akimimina chai kwa kusikiliza, kidole kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe. Njiani kwenda kupanda lori aliusalimu mti, kisha akajifanya alikuwa anakohoa. Kwenye jicho lake la kulia, lile la kulengea, palikuwa na kitu cheupe kama maji ya mchele, na la kushoto lilikuwa limeanza kulifuata.

Sikusema kitu. Nilijiambia sina hakika.

Nilijua pia kwa nini alitaka safari hii. Kitinda mimba wake alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Mabinti wanne waliomtangulia waliolewa kwa nyama ya mbogo ya baba yao, iliyokaushwa kwa moshi na kubebwa mpaka Bwera, na kila harusi watu walimwomba asimulie alivyompata. Huyu wa mwisho ndiye aliyempenda kupita wote, ingawa alikanusha.

Asubuhi ya kwanza mjomba aliniambia nifuatane naye. Mfuata nyayo alibaki akichochea moto. Tulitembea mpaka kambi ikapotea nyuma ya vichuguu. Kanga walikuwa wengi, wakikwaruza ardhi kama kuku wa jirani. Mjomba alisimama, akasikiliza, akanyoosha kidole mahali hasa walipokuwa. Kisha akanipa bunduki.

"Leo wewe. Nataka kuona ile chuo inafundisha."

"Sheria yako inasema—"

"Piga, mwanangu. Iko karibu."

Nilipiga. Kanga alianguka, wengine wakaruka kwa kelele za mabati. Nilikwenda kumwokota. Risasi ilikuwa imeingia kifuani. Mjomba alimpokea, akampapasa shingo na kichwa kwa vidole, akakuta hakuna tundu, akageuka kurudi.

Kambini alimtupa ndege karibu na moto. "Kanga hii hapa," alisema.

Mimi ninayependa kuchambua maneno niliona mara moja kwamba hakuwa amesema uongo. Kanga alikuwa pale. Hakusema nani amempiga. Niliona pia kwamba nilikuwa nimesimama kando yake, nimenyamaza, na kwamba kimya changu ndicho kilichokamilisha sentensi yake. Mjomba aliitia bunduki kubwa risasi, tukaenda.

Siku ile hatukuona kitu ila nyayo kuukuu na kinyesi kilichokauka. Nilishukuru kila unyayo uliokuwa mkuukuu. Jioni mfuata nyayo alimnyonyoa yule kanga polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Afande alikuwa anapiga kichwa," alisema. Wao wawili waliitana afande. "Huyu iko na tundu kwa kifua."

"Ilisogea," mjomba alisema.

"Ndiyo. Ilisogea." Akanitazama mimi, wala si muda mrefu, kisha akarudi kwenye manyoya.

Nililala vibaya. Ukweli wenyewe ulikuwa mwepesi, na mtoto wa darasa la tatu angeweza kuusema. Mtu asiyeona vizuri angempiga mbogo vibaya, mbogo angeingia kichakani, na wa kwanza kumfuata angekuwa mtu wa Butembo, mwenye nyumba ya udongo na watoto sita. Lakini kila nilipoitunga sentensi ya kumwambia mjomba, nilimwona yule binti akiwa ukumbini, na watu wakiuliza nyama iko wapi.

Asubuhi ya pili mambo yalikuwa yaleyale. Tulikwenda, akanipa bunduki, nikapiga. Safari hii nilijitahidi kupiga kichwa, nikampata kanga bawani, ikabidi nimkimbize kwenye nyasi. Tuliporudi mfuata nyayo hakuwapo. Alikuwa ametangulia kijitoni. Mjomba alinituma nikamwite, akaketi kufuta bunduki kubwa kwa kitambaa chenye mafuta.

Nilimkuta amechuchumaa kwenye tope. Alikuwa ametia kidole katika kinyesi cha mbogo.

"Moto," alisema. "Iko karibu. Ni dume, peke yake. Ameingia pale." Akanyoosha mkono kwenye kichaka kizito, mbele ya mafunjo. Kisha akanawa mikono, bila haraka. "Profesa. Kanga ya leo amepigwa wapi?"

"Bawani."

"Na nani?"

Niliinama nikafuta tope kwenye kiatu.

"Mimi natembea mbele," alisema. "Nyuma yangu iko yeye. Risasi yake inapita hapa." Aligusa sikio lake. "Miaka saba inapita hapa, na mimi sigeuke kutazama. Unajua ni nini, mutu asigeuke?"

"Kama umejua tangu jana, kwa nini humwambii?"

"Mimi ni rafiki. Rafiki akisema maneno ya macho, ni matusi. Nitasema nini? Afande, umezeeka? Atachukua bunduki aingie peke yake, kunionyesha." Alitikisa kichwa. "Weye ni mutoto wa dada yake. Mupwa anaweza kumwambia mujomba hata kama ananuka, na mujomba anacheka. Iko vile kwetu, iko vile kwenu. Weye unauliza kila kitu. Jana uliniuliza sababu gani samaki ya chumvi haiozi. Hii moja tu unashindwa?"

Maneno hayo yaliniingia kuliko mhadhara wowote. Ilikuwa kweli. Nilikuwa na ujasiri mwingi kwa Mungu na kwa serikali, ambao hawakuwahi kunijibu. Kwa mtu aliyenifundisha kuogelea nilikuwa mwoga.

Tulirudi kambini. Mjomba alikuwa anatia risasi ya kwanza.

"Mjomba," nilisema, "kanga wako wa leo yuko wapi?"

"Si huyu hapa? Umemleta wewe."

"Nimemleta mimi kwa sababu nimempiga mimi. Na wa jana nilimpiga mimi. Sheria inasema aliyepiga kanga ndiye anayeshika bunduki kubwa. Basi nipe."

Aliacha kutia risasi. "Wewe? Na kanga ya bawa?"

"Kweli. Mimi nimeshindwa. Na wewe hujajaribu. Kwa hiyo leo hakuna mwenye bunduki."

Nilijaribu kuyasema kwa utani, kama mpwa anavyoruhusiwa, lakini yalitoka kama hoja ya darasani. Mfuata nyayo aliinua sufuria isiyohitaji kuinuliwa. Mjomba alikikunja kitambaa mara mbili. Nilidhani atanipiga, na pengine ningefurahi, maana kipigo kingekuwa jibu.

"Leta hiyo ndogo," alisema.

Nilimpa, pamoja na risasi moja. Mfuata nyayo hakuambiwa kitu. Alichukua kikombe cha bati tulichokuwa tukinywea chai kwa zamu, akaenda hatua thelathini, akakiweka juu ya kichuguu, akasogea kando. Mjomba alipiga goti. Alishika bunduki kama nilivyomwona akiishika tangu nikiwa mdogo, shavu likilala juu ya mbao kana kwamba limechongewa pale. Alilenga. Alilenga muda mrefu mno. Alifumba jicho la kulia akajaribu la kushoto, akarudi kwenye la kulia. Ncha ya bunduki ilitembea polepole kushoto na kulia, ikitafuta.

Hakupiga. Aliishusha, akatoa risasi, akanirudishia mkononi.

"Naona kichuguu," alisema. "Kikombe sioni."

Upepo ulikuwa unatujia, na kutoka kichakani tulisikia tawi likivunjika, kisha pumzi nzito ya mnyama mkubwa asiye na habari nasi. Alikuwa karibu hivyo. Mjomba aligeuza kichwa kuelekea sauti ile.

"Dume," alisema. "Mzee kama mimi. Anakula majani laini, meno imeisha."

Hapo nikafanya jambo ambalo bado linanishangaza. Nilisema mfuata nyayo anaweza kupiga. Alijua bunduki, alikuwa na macho. Tungerudi na nyama, tungesema mjomba amempata, na nani angejua? Mimi niliyekuwa nimetoka kusimamia ukweli dakika tano zilizopita.

"Karatasi iko na jina langu," mjomba alijibu. "Na mtoto wangu ataniuliza ilianguka namna gani. Nimwambie nini? Niliisikia?"

"Uongo ni muzito kuliko ile kalamu, Profesa," mfuata nyayo alisema. "Tutabeba mpaka Bwera?"

Mjomba alitoa risasi zote katika bunduki kubwa, akazifunga ndani ya kitambaa cha mafuta. Bunduki akampa mfuata nyayo aibebe. Kisha akanyoosha mkono wake kwangu.

"Lete hiyo. Ulisema ni nzito."

Hivyo ndivyo tulivyorudi. Mfuata nyayo mbele, mimi katikati, na mjomba, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akitembea nyuma ya mtu porini, akawa wa mwisho na bunduki ndogo begani. Nilikuwa nikigeuka mara kwa mara kumtazama kama amejikwaa. Mara ya nne akasema, "Tazama mbele. Mimi nafuata harufu yako."

Tulichukua siku tatu badala ya mbili, kwa sababu ya kanga. Mjomba aliwasikia kabla yetu. Alisimama, akainua mkono, akasema wako wapi na wanakaribia wangapi, kisha akanipa bunduki na risasi moja. Nilipokosa hakusema kitu. Nilipopiga kifua alisema, "Bado." Alinifundisha kungoja mpaka ndege anyanyue shingo kusikiliza, kwa sababu wakati huo kichwa hutulia kwa muda wa kumeza mate. Alijuaje kwamba ametulia? "Miguu inaacha kukwaruza," alisema. Siku ya tatu, karibu na Hima, nikampata mmoja kichwani. Nilimpelekea. Alimpapasa kwa vidole, akapata tundu, akamfunga kiunoni mwake mwenyewe, wala hakumweka na wengine. Mfuata nyayo aliwapaka wote chumvi aliyokuwa nayo, na kila jioni tuliwageuza juu ya moshi.

Harusini watu walikula kanga, na mbuzi aliyenunuliwa haraka. Nyama ilitosha kwa shida. Kama nilivyoogopa, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliuliza kwa sauti mbogo wa nyumba hii amekwenda wapi. Nilimtazama yule binti. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Mpwa wangu alinikataza," mjomba alisema. Alisema Lukonzo, maana tulikuwa nyumbani. "Nimemsomesha mpaka amekuwa na akili ya kunikataza. Mnataka nimfanye nini?"

Watu walicheka, wakanigeukia. Wengine waliniita askari wa wanyamapori mpaka usiku. Shangazi mmoja aliniuliza kama mbogo ni mjomba wangu mwingine. Nilicheka nao. Binti hakucheka. Aliinuka na gauni lake, akavuka ukumbi, akaisogeza sahani ya baba yake karibu na mkono wake, mahali ambapo vidole vyake vilikuwa vikiitafuta. Akarudi kuketi. Nadhani alikuwa amejua kabla yangu.

Baadaye chai ilipitishwa. Mfuata nyayo alikuwa kando ya mlango na watoto wake sita, wote wamevaa viatu. Mjomba alikuwa na kikombe mkononi, lakini hakuwa anakunywa. Alinivuta sikio kwa upole, kama zamani.

"Kile kikombe cha kwenye kichuguu," alisema. "Tulikisahau?"

Ilikuwa kweli. Tangu pale hadi Hima tulikunywa chai kwa kifuniko cha sufuria, wala hakuna aliyetaka kutaja sababu.

"Tulikisahau, mjomba."

"Kilikuwa cha rangi gani?"

"Cheupe. Na ukingo wa buluu."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina alilokuwa akilitafuta.

"Cheupe nilidhani," alisema. "Hiyo buluu sikuiona."